Alinda

Ssebaggala, askari wa ghala la kahawa Nyendo,
kaandika daftarini: Mimi ni mlindi.
Nikakata kwa wino mwekundu. Mlinzi.

"Mwalimu, d yangu imekwenda wapi?"
Imekaa na i, nikamwambia, ikalainika,
ndivyo penda ilivyozaa mpenzi.

Akacheka, rungu magotini.
"Kwetu kulinda ni kungoja.
Tena nikijisemea, nninda,
hata l yenyewe naimeza."

Saa sita. Majiko ya gonja yamezimwa.
Mkewe yuko Dubai, mwaka wa tatu,
simu imelala kifudifudi mezani.

Nikamwandikia pambizoni mfano wa kunakili:
Alinda.
L ipo, d ipo.
Sikumwambia ni kwa lugha ipi.