Mate kwenye Vali

Gurdeep amezipanga tatu juu ya kaunta,
dukani kwake Ngara, ghorofa ya pili;
kibali changu bado kinanuka wino wa muhuri.

Ya kwanza kitako chake mbao nyekundu,
inang'aa kama kabati la bibi harusi.
Bei yake sitaitamka mbele ya Kwamboka.
Ya pili nyeusi, plastiki, nyepesi begani.
Ya tatu fupi, imetumika,
mkwaruzo mmoja shavuni.

"Hii nyekundu inabeba ba mia mbili hamsini," asema,
"na ni hewa tu, hakuna baruti."

Hewa tu.
Miaka kumi na tisa nimeiuza hewa Kariobangi,
shilingi kumi gurudumu la mkokoteni,
naijua tabia yake:
huondoka bila kuaga.

Nikalamba kidole,
nikapaka mate kwenye vali ya ile nyekundu.
Akacheka hadi kilemba kikacheza.
Tukangoja.

Povu.
Dogo, kama jicho la dagaa.
Likavimba, likapasuka.

Akanyamaza.

Kwenye ya tatu mate yalikauka yakiwa bapa.

Nimeichukua hiyo, mkwaruzo na yote,
na pampu ya mkono,
maana mtungi ni kodi ya miezi mitano
na mikono hii ninayo.

Jumamosi klabuni, wenye mitungi watanitazama
nikiinama, nikiinuka, mara mia na themanini,
jasho likidondokea geji.
Wanihurumie tu,
mpaka nilale kifudifudi
nizuie pumzi,
yangu, juu ya yake.