Bango la Sehemu ya Pili

Ngasa kaniletea ubao, zamani ulikuwa mlango,
kasema: nichoree ile katuni, inakuja Desemba.
Hajaiona. Sijaiona. Hata wanaoitengeneza,
nasikia, bado wanafuta na kuchora upya.
Lakini kibanda chake hapa Mabatini
kinataka bango leo,
kabla watu wa Igogo hawajatundika lao.

"Weka ngumi," anasema. "Weka moto.
Nani atalipa mia tano kumtazama mtu anawaza?"

Rangi ninazo: bluu ya mitumbwi, masalio ya Kirumba,
nyekundu iliyoganda, nimeizimua kwa mafuta ya taa,
na nyeupe ile ninayoandikia ubavuni
*Subira*, *Acha Waseme*, *Deni Halifungi Mtu*.

Sehemu ya kwanza iliishia pabaya.
Mvuka alinasa kwenye ufa,
mkono ulimwengu huu, mguu ulimwengu ule,
mara majina yakaanza kupanda, taa zikawashwa,
watoto wakamzomea Ngasa
kana kwamba kipande kilichobaki kakificha uvunguni.

Minza wa darasa la tano ndiye mshauri wangu.
Amekaa juu ya jiwe, miguu yaning'inia,
dagaa wa kukaanga kwenye karatasi ya daftari.
"Malimwengu ni mengi," ananieleza
taratibu, kama anayemlisha mgonjwa uji,
"na kila ulimwengu una Mvuka wake.
Mmoja kasuka. Mmoja kipara. Mmoja mbuzi."
"Mbuzi?"
"Mbuzi. Tena huyo ndiye stelingi."

Nikachora mbuzi.
Nikampa joho, na ngumi kwa ajili ya Ngasa,
ingawa ngumi ya kwato ni kazi.

Nyuma yake palibaki peupe, nikapajaza Mwanza.
Mwanza ambako mawe yote yamelala chini,
hakuna lililombeba mwenzake,
na wageni wanauliza: sasa tupige picha nini?
Mwanza ambako sangara hakuletwa,
furu wamejaa hadi miguuni mwa wanaofua,
furu wa rangi nisizokuwa nazo;
nikawadonoa kwa njiti ya kiberiti.
Mwanza ambako magugumaji yameshikana
na watu wanakwenda Ukerewe kwa baiskeli,
kengele kri kri juu ya ziwa.
Mwanza ambako Ngasa ni mwembamba
na hakuna anayemwamini.

Kona ya chini, kulia, chini ya kwato,
bluu ilibaki ya kifuniko kimoja.
Sikupanga. Mkono ulikwenda wenyewe.
Meli inaingia bandarini
asubuhi ya Mei, tisini na sita,
imesimama wima, haijalalia ubavu,
mikungu ya ndizi imejaa sitaha,
na mwanamke wa kitenge cha njano
anamtafuta kwa macho mtoto wa miaka saba
aliyeambiwa: simama hapa na shangazi, usiondoke.

Kitenge ni doa tu. Dogo kuliko punje ya mtama.

Minza akashuka kwenye jiwe.
"Hiyo haikuwemo sehemu ya kwanza."
"Kwani hii si ya pili?"
Akatafuna. Akahesabu kitu kwa vidole vya mafuta.
"Nyufa alizoziba ni tatu," akasema.
"Hatujaambiwa zilikuwa ngapi."

Jioni Ngasa akaja na nyundo, misumari mdomoni.
Alimtazama mbuzi muda mrefu,
kama mtu aliyeuziwa.
Kisha akainama.
"Na hiki huku chini?"
"Meli."
"Inapigana na nani?"
"Haipigani. Inafika."

Ngasa ni wa hapahapa, umri wake ni wangu.
Hakuniuliza meli gani.
Akatoa msumari mdomoni, akauweka konani,
akausogeza vidole viwili pembeni,
usiitoboe,
akapiga.