Jina la Shamba

Mwaka ule wa barakoa, mpaka wa Ruzizi umefungwa,
nyanya zinaoza upande wetu
na upande wa pili watu wanazililia,
nilipewa fomu mia mbili, kalamu mbili, kofia yenye nembo:
panda Kabare, andika mashamba,
Leta itawafuta wakulima machozi. Kwa simu.
Malipo yangu franga mia tano kwa fomu iliyojaa.
Iliyojaa. Ya kweli hawakusema.

Mwa Cibalonza nilimkuta kwenye mteremko wa Cirunga, anapalilia maharage.
Alinisalimu kwa kiwiko, kama redio ilivyoagiza,
kiwiko chenyewe kina udongo hadi begani.

Ukubwa?
Akatembea. Hatua arobaini kushuka, kumi na nane kukata,
akaliruka kaburi moja, hakulihesabu.

Mmiliki?
"Ardhi ya mwami. Hati ya bwana mmoja wa Nguba, mwenye ghorofa.
Mgongo ndio wangu."
Fomu haikuwa na kisanduku cha mgongo.

Hasara?
"Magunia manne ya kabichi. Niliyafikisha mpakani, polisi akasema rudi.
Nikarudi. Nguruwe wa Mudaka
hawajawahi kushiba vile."

Jina la shamba?
"Hakuna."

Mvua ilikuwa inateremka kutoka Kahuzi,
karatasi imeanza kulowa, na fomu nyingine tisa zinangoja.
Nikaandika HAKUNA, kwa herufi kubwa. Nikapiga mhuri.

Miezi kumi na minne.
Barakoa zikawa vitambaa vya kushikia sufuria.
Orodha ikabandikwa mlangoni mwa sheferi,
mstari wa sabini na tatu:
Shamba Hakuna, dola sitini.

Mjukuu alimsomea. Akavaa kitenge cha kwendea harusi,
akashuka mjini kwa miguu, viatu mkononi,
akavivaa alipofika kwenye foleni.
Dirishani kijana akaigeuza kadi yake ya uchaguzi,
mbele, nyuma, mbele.
"Hapa ni Cibalonza. Hakuna ni nani?"
"Hakuna ni shamba."
"Basi lije lenyewe, na kadi yake."
Foleni ilicheka, naye akacheka nayo, ndivyo nilivyoambiwa,
mpaka kijana akateremsha kidole kwenye daftari
na sauti yake ikapungua:
"Halafu, mama, Hakuna alishafika.
Jumanne. Alitia dole gumba."

Nilikwenda mwenyewe, nikaomba kuliona daftari.
Wino wa buluu. Dole nene, laini,
mistari yake yote mizima, inazunguka kama maji ya bakuli,
haina ufa, haina kovu la jembe hata moja.
Nikamshukuru kijana. Nikafunga daftari.
Sikuandika barua popote.

Siku hizi Kadutu wanamwita Mama Hakuna.
Anauza lenga-lenga karibu na wasaga unga,
nami nilikuwa napita njia ya juu, yenye matope.
Juzi gari la mchanga liliiziba ile ya juu.
Akaniona kabla sijainamisha kofia
(nilikuwa nimeivaa, ile ile, nembo imechujuka).

Fungu moja ni mia tano. Nikampa elfu moja.
Akafunga mboga kwa mgomba, polepole,
akaiweka noti kifuani, akanitazama.
Nikabaki nimenyoosha mkono, nangoja mia tano yangu.

"Hakuna," akasema.