Kifungu cha Kumi na Tisa

Mtumba, saa mbili usiku. Mlinzi amezima taa za korido,
ameniachia yangu.
Mezani, mkataba wa barabara ya Bahi: kurasa mia nne na sita,
kila ukurasa na kisaini changu pembeni
kama kinyesi cha mjusi ukutani.

Mkandarasi anadai kalavati lilichukuliwa na mafuriko
"yasiyotabirika."
Anaomba bilioni moja na ushee,
na siku tisini juu.

Yasiyotabirika.
Nalisoma neno kwa sauti, kiyoyozi kinanguruma.
Ng'ambo ya korongo hilo ndiko nilikozaliwa.
Asubuhi lilikuwa mchanga mtupu, tunafukua maji kwa kata;
jioni linapita na mbuzi wa watu,
pembe tu zinaonekana.
Usiku wa uchungu wa mama, mkunga alikwama upande wa pili,
akapiga kelele za maelekezo hadi sauti ikakauka.
Ndiyo maana nyumbani naitwa Mvula.

Lakini sheria hainipi nafasi
ya kuambatisha jina langu kama kielelezo.

Basi naandika kwa wino mwekundu, kwa adabu ya Serikali:
"Tafadhali wasilisheni takwimu za mvua, miaka thelathini."
Nafuta "tafadhali."
Nairudisha.

Kesho watakuja na kompyuta zao na mhandisi mshauri.
Nitawamiminia chai, nitangoja wanywe,
kisha swali moja tu, nje ya kifungu:
kabla ya kumwaga zege,
mlimuuliza nani pale?