Jozi Moja

Jumatatu huja Ilinca. Jumanne huja Toader.
Jumatano Ilinca tena, na buti zilezile
za kahawia, kisigino cha kushoto kimekazwa kwa waya.
Ilinichukua hadi Novemba kuzitambua.

Kabla ya hapo nilishaandika daftarini,
kwa wino mwekundu, mkono usiotetemeka:
mtoro, mtoro.
Majina mawili, ukoo mmoja,
juu alama chini pengo, juu pengo chini alama,
kama meno ya zipu,
nami sikuona kwamba inafunga.

Miaka kumi na tisa nafundisha hapa Poienița,
pale barabara ya Vaslui inapoishiwa lami.
Nimefundisha nilivyofundishwa:
ubao, chaki, "andikeni", kimya.
Mito kwa pumzi moja, Siret, Prut, Bârlad,
na aliyekwama akasimame dirishani
mpaka wenzake wamalize.
Jiko la kuni lilipasha joto safu ya mbele tu.
Safu ya mbele ilifaulu.
Nikadhani ni akili.

Jioni moja nikaenda kwao, daftari kwapani,
kugomba.
Baba yuko Uhispania anachuma matunda ya watu,
hela huja zinapokuja.
Bibi Safta alinifungulia mlango nusu, kwa baridi,
na kwenye ile nusu nikawaona:
Toader pekupeku juu ya gunia,
Ilinca anakata ugali uliopoa kwa uzi,
kama tunavyoukata sote huku.
"Hii robo tatu."
"Kwa nini nne ndiyo ikae chini?"
"Ndivyo tulivyoukata, vipande vinne."
"Na tukikata vinane? Namba inakua,
mbona kipande kinapungua?"
Ilinca akashika uzi, akafikiri.
"Sijui."
"Kesho nitamuuliza mwalimu."
"Yule haulizwi," Ilinca akasema.

Sikugomba. Nilirudi na daftari langu
nikiteleza kwenye barafu kama mlevi.

Kesho yake nikaenda darasani na uzi.
Na ugali.
Tukakokota madawati kuzunguka jiko,
anayejua amweleze asiyejua,
asiyejua aulize mpaka amchoshe.
Mkuu wa shule, Bwana Mihalache, akachungulia:
"Hii ni shule au gulio?"

Sitadanganya. Siku nyingine ilikuwa gulio.
Petrică huamka saa kumi alfajiri
kukama ng'ombe wasio wake,
na akilala, hakuna uzi wala swali la kumwamsha.
Ule ugali wa hesabu aliula kabla hatujaugawa.
Nikampa na wangu.
Alhamisi nyingine nilichoka, nikarudia "andikeni",
wakaandika, na aibu nikaiona mimi peke yangu.

Buti nilitafuta. Mshahara wangu nao una matundu.
Nikapata za mpwa wangu, kubwa mno,
Safta akazirudisha zimepakwa rangi, zinang'aa:
"Hatujaomba, mwalimu."

Mtihani wa wilaya ukaja Februari,
nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.
Ilikuwa Jumanne.
Toader akamaliza mapema, akanyoosha mkono:
"Naomba na karatasi ya Ilinca.
Anayoyajua nayajua, nimwandikie."
Kanuni ninazijua. Nikasema hapana,
na lile "hapana" bado liko kinywani mwangu,
chungu kama kidonge kilichokosa maji.

Matokeo: Toader, tisa na nusu.
Ilinca, sifuri.
Wastani wa nyumba ile, nne na robo tatu.
Kufaulu ni tano.

Leo imeletwa fomu kutoka wilayani.
*Eleza sababu za ufaulu duni
na mbinu utakazorekebisha.*
Kwa mbinu wameacha ukurasa mzima.
Kwa sababu, mstari mmoja.

Ukurasa nitaujaza usiku, nina mengi ya kukiri.
Kwenye mstari nimeshaandika:
buti, namba thelathini na nne.
Jozi moja.