Sikio la Nusu

Volvo ya marehemu babu yake tuliikata mgongo,
tukaibana isizidi kilomita thelathini kwa saa,
nyuma tukabandika pembetatu nyekundu ya vyombo vya polepole.
Huku Kiruna mtoto wa miaka kumi na mitano
haruhusiwi kuendesha gari, ila trekta anaruhusiwa,
na hii, kwa mujibu wa karatasi, ni trekta.
Trekta yenye sabufa mbili za inchi kumi na mbili.

Hillevi alizilipia kwa matunda ya kinamasi:
Agosti nzima ameinama, mbu wamemla shingo,
ndoo kwa ndoo hadi mlangoni kwa wanunuzi.
Spika za kiwandani zilikuwa za karatasi,
zimepasuka kingo kama midomo ya mwenye homa.
Akazing'oa, akanipa moja nishike:
nyepesi kama mkate mkavu.

Mimi kazi yangu ni baruti.
Miaka ishirini na sita najaza mashimo tumboni mwa mlima,
na saa saba na nusu usiku mji unatikiswa kitandani,
vikombe vinagongana kabatini,
hakuna anayeamka.
Kwa hiyo kishindo nakijua. Mengine sikuyajua:
omu, wati, kwa nini waya uwe mnene kama kidole,
kwa nini fyuzi ikae jirani na betri
(“Ili tusiungue, baba”),
kwa nini boksi lizibwe gundi kila pembe.
“Besi ikipata upenyo,” alisema, “inageuka kikohozi.”

Nilishika tochi. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa.

Nje, nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Hakuifungulia mara moja. Mpira wa sabufa ukipoa hukakamaa,
ukiushtua unachanika;
uanzishwe taratibu, dakika kumi,
kama unavyomwamsha mzee.
Tukakaa na chupa ya kahawa katikati yetu.

Kisha akapandisha.
Kioo cha pembeni kikatetemeka, sura yangu ikawa watu wawili.
Kifuniko cha chupa kikacheza. Bamba la namba likalia;
akashuka, akalisindilia soksi, likanyamaza.
Akaniuliza kuhusu zile spika ndogo,
mbili, kama vifungo vya koti, alizozipachika karibu na kioo cha mbele:
“Unasikia matoazi? Unamsikia mwimbaji akivuta pumzi?”
“Safi sana,” nikasema. “Kama yuko humu ndani.”
“Kushoto au kulia?”
“Kote.”

Akanitazama. Mkononi mwake zilikuwa ncha za waya,
zimemenywa hadi shaba,
hazijaungwa popote.

Sikio la kufa halisikii dawa, ndivyo isemwavyo.
Langu halijafa. Limeezuliwa paa tu:
kuta zipo, watu wanaishi.
Ndege wa alfajiri waliondoka mwaka gani, sijui,
hawakuaga. Mama yake nilidhani
ameanza kunong'ona kwa hasira;
nikamwitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo,
hadi akahamia Luleå.

Hillevi hakusema neno,
au alilisema kwa juu mno.
Akaziunga nyaya, akazifunga utepe,
akauchukua mkono wangu akaulaza juu ya dashibodi,
akaanza kushuka. Hezi sitini. Hamsini.
“Hapa?” Nikatikisa kichwa.
Arobaini. “Hapa?”
Thelathini na nne: meno yakajua, vifungo vya shati vikajua,
na mfupa ule wa kifua
niliodhani mlima peke yake ndio unaoufahamu.
“Hapo,” nikasema.
Jibu langu la kwanza la kweli usiku ule.

Akaiandika namba kwa kalamu ya wino mzito
kwenye kikinga jua, upande wa abiria.

Sasa Jumamosi anauzunguka mji na wenzake,
kilomita thelathini, madirisha wazi, theluji inaingia.
Majirani wananung'unika, naambiwa.
Mimi niko jikoni, peku.
Akikata kona ya kanisa sakafu inaniambia,
nami nabandika kahawa.