Fremu ya Tisa

Nimeanza na mpira.
Kila anayejifunza kazi hii huanza na mpira,
alisema Mwalimu Sechelela, akaufuta ubao kwa kiganja,
vumbi la chaki likaungana na vumbi la Nkuhungu
ambalo tangu Juni halina adabu, linaingia bila hodi.
Mpira mmoja, karatasi ishirini na nne, sekunde moja.
Nikadhani ni mchezo.

Mpira wangu wa kwanza ulianguka kama jiwe.
Wa pili ulielea kama unyoya wa kuku.
Wa tatu uligonga chini ukabaki mviringo, mkaidi.
"Kitu kikianguka kinaumia," alisema mwalimu.
"Kibonyeze. Kikiruka, kirefushe.
Lakini usikiongezee unga: donge ni lile lile,
ukilikandamiza juu linatanuka pembeni."
Nikakumbuka ugali wa uwele mkononi
kabla ya kuuchovya kwenye mlenda.
Tonge linaijua kanuni hii tangu zamani.

Mchana niko steshenari, kwa Mzee Chedego,
natoa kopi za vyeti vya kuzaliwa,
barua za kuomba kazi, picha za pasipoti nne kwa elfu mbili.
Wateja hawajui kwamba nawaibia.
Naiba mabega. Naiba shingo.
Yule karani wa wizara ni pembetatu iliyosimamia ncha,
mama muuza zabibu ni duara juu ya duara,
mgambo ni kabati.
Nawachora kwenye kitabu cha risiti, kona ya chini,
kurasa hamsini; nikizipepeta kwa kidole gumba
mgambo anapiga chafya.
Mzee Chedego alikikuta. Akakipepeta mara tatu,
akasema nitakilipa, elfu tatu na mia tano.
Kisha akakipepeta tena.

Kazi ya wiki ya sita: mhusika mmoja, mweusi tii,
bila macho, bila mdomo;
mtu akimwona kwa mbali aseme, huyu ni fulani.
Nikamchora kaka yangu Mbeleje.

Bodaboda ilimlalia mguu barabara ya Singida.
Kwenye chati ya mwalimu watu wote hutembea sawa:
gusa, zama, pita, inuka.
Mbeleje hayumo kwenye chati.
Yeye hugusa, huzama, hufikiri kidogo, ndipo hupita.
Nikakaa kizingitini siku tatu nikimhesabu
akienda bombani na kurudi,
ndoo ikiwa tupu, ndoo ikiwa imejaa,
maana ndoo iliyojaa ina mwendo wake yenyewe.

Mbuzi wa jirani akanifundisha nisichouliza:
kabla ya kurukia paa la tembe
hujikunja kwanza, kama anayerudi nyuma, kama ameghairi.
Mbeleje naye, kabla ya ule mguu,
bega la kulia hushuka.
Miaka yote hii tunakula sahani moja
sijawahi kuliona lile bega.

Nilimwonyesha usiku, kwenye kompyuta ya kuazima
yenye herufi mbili zilizong'oka.
Nilikuwa nimeshajiandaa kuomba radhi.
Akatazama. Akasogea. Akatazama.
"Umeuchelewesha mno," akasema. "Unaniburuza kama gunia.
Mimi siburuti. Mimi nauita, nao unakuja."
Akainuka, akatembea, kitanda hadi mlango,
mlango hadi kitanda, taratibu,
kama fundi anayeonyesha kipimo.
"Hesabu."

Nikahesabu. Fremu mbili za ziada, si tano.
Nikafuta. Nikachora upya ya sita, ya saba, ya nane.
Kwenye ya tisa bega limeshuka,
kisigino kimeachana na ardhi
unene wa ukucha tu,
na luku ikaisha.

Giza. Upepo unatikisa bati.
Mbeleje anacheka: "Basi umeniacha juu."
Napapasa sakafuni, natafuta simu,
natafuta elfu moja ya umeme.
"Subiri," namwambia,
"kaa hapo hapo, usishuke."